Uso Unapaushwa, Nchi Inatiwa Giza

Leo nataka tuzungumze habari za giza. Si lile la stima kupotea, ingawa hilo nalo tunalijua sana. Nasema giza lililo ndani ya picha: kivuli cha chini ya kidevu, cha ubavuni mwa pua, cha chini ya mbuyu, cha nyuma ya kilima. Nani anakikoleza, nani anakifuta, na amemwuliza nani.

Siku za Jumatano na Alhamisi ukipita kwenye maduka ya kuchapisha ya mji wowote wa Ukambani utawakuta watu wenye kilio. Mazishi ni Ijumaa au Jumamosi, programu lazima iwe tayari, na picha ya marehemu ni hiyo hiyo moja: ya kitambulisho, au imekatwa kwenye picha ya harusi ya mtoto na bega la mtu mwingine bado linaonekana pembeni. Kijana wa kompyuta anaifungua, anaona uso umejaa vivuli, anavuta mwangaza juu. Anazidi kuvuta. Mikunjo ya paji la uso inatoweka, mashavu yaliyobonyea yanajaa, na mzee aliyelima miaka hamsini anakuwa mtu asiyewahi kushika jembe. Mjane aliyekaa kwenye benchi anainuka, anaitazama skrini, anasema: "Mwanangu, huyu ni nani? Mume wangu alikuwa mweusi." Na kijana anamjibu kwa heshima zote, akimwita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, nikiiacha ilivyokuwa, kwenye karatasi itatoka giza tupu."

Kijana hasemi uongo. Programu ile itatolewa nakala mia mbili au tatu kwa mashine ya kopi, kwenye karatasi ya kawaida, kwa wino wa unga. Mashine hizo hazijui kutenganisha weusi na weusi. Vivuli vilivyokuwa na ngazi nyingi kwenye skrini vinaporomoka pamoja, na marehemu anabaki kofia, kola nyeupe na doa katikati. Aliyewahi kushika programu ya mazishi huku kwetu analijua doa hilo. Ndiyo maana kijana amezoea kuvuta mwanga. Anachokosea ni kuuvuta uso mzima kwa mkupuo mmoja, na kilichohitajika ni kuuachanisha weusi na weusi: tundu la jicho liwe na giza lake, shavu liwe na giza lake, shingo iwe na lake. Kazi hiyo huwezi kuifanya kwa kufuta vivuli. Inabidi ujue kuvikoleza pale vinapotakiwa.

Na nina lalamiko ambalo nitalitoa mapema, usije ukaniona nazunguka. Picha zetu za Kitui na Makueni zinafanyiwa mambo mawili yanayopingana. Uso wa mtu unapaushwa, na ardhi anayoikanyaga inatiwa giza. Mama yuleyule akiwa harusini anang'arishwa mpaka shangazi zake wanamsahau. Akipigwa picha kiangazi akiwa na mtungi wa maji anakolezwa mpaka anakuwa kivuli kisicho na macho. Tutafika huko. Kwanza tuzungumze juu ya jua letu, kwa sababu kivuli hakizaliwi na kompyuta.

Mji wa Kitui uko digrii 1 na ushei kusini mwa ikweta. Hata Mtito Andei, kule mwisho wa Makueni, haifiki digrii 3. Maana yake ni kwamba katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hutusimamia utosini kabisa. Mwanga unashuka wima. Paji la uso linameremeta, macho yanazama kwenye mashimo mawili meusi, na pua inaangusha kivuli juu ya mdomo hata msichana akaonekana ameota masharubu. Ongeza hapo kofia za wazee wetu, ambazo hazivuliwi kwa ajili ya mpiga picha, labda kwa ajili ya maombi tu. Ukingo wa kofia unakata uso vipande viwili: juu usiku, chini mchana. Kamera haiwezi kushika vyote viwili kwa usawa, hivyo inachagua, na mara nyingi inachagua vibaya.

Lakini jua hilohilo lina msaidizi asiyetajwa sana, nao ni udongo. Ukisimama kwenye njia ya vumbi jekundu, mwanga unaopiga chini unarudi juu na kuingia chini ya kidevu, ukiwa umebeba wekundu wake. Kivuli cha shingo ya mtu wa Mutomo hakiwi cheusi wala cha kijivu. Kina rangi ya udongo. Shikilia jambo hilo, kwa sababu ukianza kukoleza vivuli kwenye simu, wekundu huo ndio wa kwanza kukuharibia kazi.

Halafu kuna msimu ambao kila kitu hugeuka. Julai na Agosti, vilima vya Mbooni na Kilungu huamka chini ya wingu zito, baridi ya kuvaa sweta mbili, na wingu hilo linaweza kukaa mpaka saa sita. Mwanga unatoka kila upande kwa pamoja. Vivuli hakuna. Wapiga picha wa harusi za Agosti wanafurahi kwa sababu hakuna anayekunja macho, lakini wakifika nyumbani na kufungua picha wanaona nyuso zimelala, hazina kimo wala kina, kama zimebandikwa. Hapo ndipo kukoleza vivuli kunakuwa kazi ya lazima, maana anga limekunyima umbo na wewe unapaswa kulirudisha kwa mkono.

Kazi hii ni kongwe kuliko kompyuta. Enzi za filamu, fundi alijifungia kwenye chumba cha giza, akapitisha mwanga kwenye negativu ukaangukia karatasi maalumu. Palipopata mwanga mwingi pakawa peusi zaidi. Kwa hiyo alipotaka kukoleza kivuli aliongeza mwanga: alikata tundu kwenye kipande cha kadi, akalipitisha juu ya sehemu aliyoitaka, akihesabu sekunde kimoyomoyo na kuitikisatikisa kadi ili ukingo usiache alama. Alipotaka kupunguza giza, aliziba kwa kiganja. Ansel Adams, Mmarekani aliyeandika vitabu vinavyosomwa mpaka leo juu ya ufundi huu, alipiga mwaka 1941 picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Aliichapisha upya kwa miaka mingi, na kila alivyozidi kuzeeka alizidi kulikoleza anga. Nakala za mwanzo zina mawingu membamba juu. Za baadaye zina anga jeusi ti. Negativu ni ileile.

Karibu na sisi, Mombasa, kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, iliyofanya kazi kuanzia miaka ya 1940. Watu walikwenda pale wamevalia vizuri, wakawekwa chini ya taa, na taa zile zilipangwa ili shavu moja lipate nuru na la pili liingie kivulini. Vijana wengi wa Ukambani walikwenda pwani kutafuta kazi na kurudi na picha za studio za huko. Ukiwa na babu aliyefanya kazi Mombasa, fungua sanduku. Huenda ukamkuta amekaa upande, taya limechorwa na kivuli kimoja safi, na weusi wake upo wote. Hakupaushwa. Taa ilijua inachofanya.

Sasa tuje kwenye simu zetu. Simu ya leo ukiibonyeza mara moja inapiga picha kadhaa kwa kasi, nyingine za giza nyingine za mwanga, kisha inaziunganisha. Inatafuta nyuso. Ikiona uso uko kivulini inauinua, bila kukuuliza. Simu nyingi zinaongeza na urembo juu yake: zinalainisha ngozi, zinafuta mng'ao, zinapunguza rangi. Wewe unadhani umepiga picha ya shangazi yako, kumbe umepokea maoni ya mhandisi juu ya shangazi yako.

Maoni hayo yana historia. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za Kodak zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wao aliyeitwa Shirley, na kadi zote zikaitwa kwa jina lake hata baada ya wanawake kubadilika. Filamu iliyomtoa Shirley vizuri ndiyo iliyohesabiwa kuwa nzuri. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyeichimbua habari hii, anaeleza kwamba filamu zilianza kuboreshwa kwa rangi za kahawia baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao kulalamika kuwa bidhaa zao hazionekani sawasawa. Mbao ilisikilizwa kabla ya mtu. Miaka ya 1970, Jean-Luc Godard alipofanya kazi Msumbiji, aliikataa filamu ya Kodak akisema ni ya kibaguzi.

Mambo yamesogea tangu hapo, si haki kukataa. Mwaka 2021 Google walitoa simu yenye kamera waliyosema imefundishwa kuheshimu ngozi nyeusi, na mwaka uliofuata wakatangaza kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichotungwa na Ellis Monk, profesa wa sosholojia wa Harvard. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na itel unazozikuta kwenye kila duka la simu hapa mjini, ilijijengea jina barani Afrika kwa kutangaza kamera zinazomjali mtu mweusi. Ninachouliza mimi ni hiki: kumwona mtu mweusi na kumng'arisha mtu mweusi, ni kitu kimoja? Kamera ikishindwa kukuona ni tatizo. Ikikuona halafu ikaamua ungependeza zaidi ukiwa mwingine, hilo ni tatizo la pili, na bado hatujalipigia kelele za kutosha.

Basi tufanye kazi. Tuseme una picha ya susu, yaani nyanya yako, asubuhi ya Agosti huko Kilungu, amekaa kizingitini anasuka kiondo. Mlango umefunguka nyuma yake, ndani kuna giza. Amefunga kitambaa kichwani. Mwanga ni wa wingu, uso umelala. Fungua programu yoyote yenye brashi ya kukoleza. Snapseed haina malipo na wengi mnayo. Ndani yake kuna brashi yenye namba, kwenda juu kuongeza mwanga na kushuka chini kuongeza giza: kasoro 5, kasoro 10.

Kabla hujaweka kidole, jiulize mwanga ulikuwa unatoka wapi. Hata chini ya wingu kuna upande uliozidi. Tafuta kwenye macho: ndani ya mboni kuna kijidoa cheupe, nacho kinakuonyesha anga lilikuwa upande gani. Kama kiko kushoto, vivuli vyako vyote vinakwenda kulia. Vyote, bila kubakisha hata kimoja. Hapa ndipo wengi wanapojianika: pua imetiwa kivuli kulia, kiondo kimetiwa kushoto, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini. Nchi hii ina jua moja.

Chukua kasoro 5, achana na kasoro 10. Kuza picha mpaka uso ujae skrini. Pitisha kidole ubavuni mwa pua, chini ya mfupa wa shavu, chini ya taya, kwenye kona ya ndani ya jicho. Pitisha mara mbili polepole, badala ya mara moja kwa nguvu. Kisha ingia kwenye mikunjo ya kitambaa, halafu kwenye tumbo la kiondo upande wa kulia, pale nyuzi za katani zinapozama ndani na kutokea tena. Kila baada ya mipigo michache, punguza ukubwa uitazame picha nzima. Ukiona kivuli kabla hujamwona susu, umezidisha.

Tena angalia ukingo. Kivuli cha pua kiko karibu na kinachokitupa, kwa hiyo kina ukingo wa kueleweka. Kivuli cha paa juu ya ukuta kimetoka mbali, kwa hiyo ukingo wake unayeyuka. Ukichora vyote kwa ukali mmoja, picha inanuka kompyuta.

Halafu kuna namba. Picha ya kawaida ya simu ina ngazi 256 katika kila rangi, kutoka 0 ambayo ni weusi usio na kitu hadi 255 ambayo ni weupe usio na kitu. Kikishafika 0, hakuna kilichobaki pale; ukija kukiinua kesho utainua kijivu kitupu. Mimi uso wa susu siuachi ushuke chini ya 30 hivi, hata penye giza zaidi. Sifuri naiachia ule mlango ulio wazi nyuma yake. Hapo ndipo weusi unafanya kazi: mlango ukiwa mweusi kabisa, ngozi ya susu inaonekana ilivyo, kahawia iliyoiva, bila kuiongezea mwanga hata chembe. Wanaoung'arisha uso wangekoleza tu mlango wangepata walichokuwa wanakitafuta.

Nilikuambia ushikilie habari ya wekundu. Ukikoleza kivuli kwa njia hizi, rangi nayo inakolea. Kahawia ya shavu inakuwa nyekundu, na ule wekundu wa udongo chini ya kidevu unakuwa kama jeraha. Baada ya kukoleza, punguza ukali wa rangi palepale, kwa brashi ileile ukichagua upande wa rangi. Kidogo tu. Watu wengi hawafanyi hatua hii, ndiyo maana picha nyingi za harusi zinaonyesha maharusi wamechomwa na jua.

La mwisho kwa uso, na hapa nasimama kidogo. Ngozi nyeusi haichorwi na vivuli peke yake. Inachorwa na mng'ao. Ule mstari wa nuru juu ya mfupa wa shavu, kwenye ncha ya pua, juu ya nyusi, ndio unaokuambia kichwa ni duara. Kamera ya urembo inaudhania ni jasho na kuufuta, na ikishaufuta uso unakuwa bapa hata ukoleze vivuli mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo zima urembo kabla ya kupiga. Baadaye chukua brashi ya kuongeza mwanga, ongeza 5, gusa mng'ao uliopo mara moja. Usibuni mwingine.

Kuhusu chenga nitapita haraka. Chenga hukaa kivulini. Kamera ikikosa mwanga inabuni punje za rangi, na ukiinua kivuli unaziinua nazo. Ukikoleza, zinalala. Picha zilizopita WhatsApp mara tatu zina ubaya zaidi, kwa sababu zimebanwa na vivuli vyake vimegeuka vipande vya mraba. Ukitaka mtu akutumie picha ya kufanyia kazi, mwambie aitume kama dokumenti. Na kama kamera yako ina faili ghafi (RAW), piga kwa hiyo: ngazi zake ni 4,096 au 16,384, na huko kivulini ndiko utakakoiona faida.

Sasa tutoke nje tuiangalie nchi. Simama Mbooni asubuhi na utazame mashariki. Kilima cha karibu ni kijani kizito, cha nyuma yake ni kijani cha maziwa, cha tatu ni bluu, cha nne huwezi kujua kama ni kilima au ni wingu. Hewa ndiyo inayofanya hivyo. Kadiri umbali unavyozidi, vivuli vinazidi kupauka. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Krapf, akiwa Kitui kwa chifu Kivoi, aliuona Mlima Kenya kwa mbali sana, na wataalamu wa Ulaya wakabisha kwamba theluji haiwezi kukaa ikweta. Kama angekuwa na kamera sidhani angewashawishi, kwa maana mlima kwa umbali ule ni rangi tu iliyozidi anga kidogo. Leo kuna kitufe cha kuondoa ukungu wa hewa, na kijana akikibonyeza vilima vyote vinne vinakuja mbele kwa weusi uleule. Amekoleza vivuli na ameua umbali. Koleza kilima cha kwanza, gusa cha pili, na hivyo vingine uviache na hewa yake.

Nafika kwenye lalamiko langu. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na mashariki mwa Kenya yalitupata. Kitui na Makueni zimo katika kaunti 23 za ukame ambazo mamlaka ya kitaifa ya ukame inazifuatilia. Wapiga picha walikuja, na ilikuwa sawa waje. Njaa ilikuwepo, ng'ombe walikufa, hakuna anayebisha. Nalalamikia kilichofanyika baadaye kwenye kompyuta. Anga linashushwa mpaka linakuwa la dhoruba, katika mwezi usio na wingu. Pembe za picha zinazibwa na giza. Nyufa za udongo zinakolezwa hadi unadhani mtu atatumbukia. Na katikati mama mmoja, mweusi wote, hana macho, hana mdomo, hana umri. Hapo hakuna aliyekumbuka kuung'arisha uso.

Nikupe kitu kimoja cha karibu. Mito yetu mingi, Tiva, Thua, Kaiti, Thwake, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga. Mgeni anaona mto uliokufa. Mwenyeji anatazama rangi. Mchanga mkavu ni mweupe mpaka unaumiza macho, na mahali fulani karibu na ukuta wa bwawa la mchanga kuna sehemu iliyokolea, kahawia, yenye ubaridi. Hapo kuna maji chini. Mabwawa hayo yamejengwa kwa mamia Kitui tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL likiwa mstari wa mbele pamoja na wanakijiji wenyewe: ukuta wa mawe na saruji unakingamizwa mtoni, mafuriko yanaleta mchanga, na maji yanakaa katikati ya punje ambapo jua haliyafikii. Akina mama wanachimba shimo, wanangoja, wanateka kwa kata. Sasa chukua picha ya mahali hapo ukoleze vivuli vyote kwa pamoja. Kivuli cha ukingo wa mto, kivuli cha mtu na unyevu wa mchanga vinakuwa giza moja. Huwezi tena kujua panapotoka maji. Umefuta akili ya watu iliyokuwa ndani ya picha, umebakiza kiu yao.

Dunia ya habari ina kanuni juu ya jambo hili, na si za kale sana. Tarehe 27 Juni 1994 jarida la Time lilitoa jalada la O. J. Simpson kutoka picha ya polisi, likiwa limekolezwa giza hadi ngozi yake ikawa nyeusi zaidi na sura ya kutisha. Wiki hiyohiyo Newsweek walitumia picha ileile bila kuitia giza. Zilipokaa bega kwa bega kwenye vibanda vya magazeti, kila mtu aliona, na mhariri wa Time ikabidi aombe radhi. Mwaka 2015 mashindano ya World Press Photo yaliziondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kukaribia mwisho, kwa sababu ya uhariri uliopitiliza. Kanuni zao zinakubali kukoleza na kupunguza giza. Zinakataza giza linalomeza kitu kilichokuwepo. Ukikoleza mpaka mtu aliyesimama nyuma akapotea, umemtoa kwenye picha.

Kwa picha ya sanaa sina ugomvi. Mpiga picha Mkenya Osborne Macharia anatengeneza picha za wazee na nyanya zilizokolezwa kila mkunjo, na anatuambia waziwazi kwamba ni hadithi aliyoitunga. Hakuna anayedanganyika. Picha ya gazeti na ya mfadhili ni habari nyingine, kwa sababu anayeitazama yuko mbali na ataamini kwamba nchi yetu ina rangi hiyo.

Na programu ya mazishi je? Hapo mwenye neno ni mjane. Kijana wangu wa kompyuta, ukiwa unanisikiliza, fanya hivi. Hifadhi picha ya asili kwa jina la marehemu na neno asili, usiiguse kabisa. Fanya nakala. Punguza giza la macho na la chini ya kofia kwa brashi, si uso mzima. Koleza nyuma ya kichwa na bega. Acha mng'ao wa paji. Toa karatasi moja tu kwenye mashine yenyewe, usiamini skrini, kisha mpe mwaitu aishike mkononi, na mtoke nayo nje ya duka palipo na mwanga wa mchana. Akisema "ndiye", toa zile mia tatu. Akisema bado, rudi kwenye nakala, si kwenye ile ya asili, maana mwaka kesho watakuja tena kuitaka kwa ajili ya kumbukumbu, na mashine ya wakati huo huenda ikaweza zaidi kuliko hii yako.